Neno Kabla ya "Nyamaza"

Hotuba kwa walimu wa PP1 (mwaka wa kwanza wa shule ya awali) hadi Gredi ya 3 na wazazi, Nairobi

Mwenyekiti wa mkutano, walimu wakuu mliopo, walimu wenzangu, na nyinyi wazazi mlioacha shughuli zenu za Jumamosi, siku ambayo kwa wengi wenu katika jiji hili si ya mapumziko hata kidogo, nawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwasaidia watoto wadogo kuzielewa na kuzimudu hisia zao wakiwa shuleni. Nitaanza na amri ambayo kila mmoja wetu humu ukumbini amewahi kuitoa au kuitii: "Kidole kwa mdomo!" Darasa la watoto hamsini na watano hunyamaza papo hapo, kila kidole kikiwa mahali pake, na mwalimu akapata nafasi ya kupumua. Nimeitoa amri hiyo kwa miaka mingi katika madarasa ya Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji hili, na sitawadanganya kwamba nimeiacha kabisa. Hata hivyo, asubuhi moja nilipogeuka kutoka ubaoni nilimwona mvulana wa PP2 akilia huku kidole kipo mdomoni, machozi yakimchuruzika hadi kiganjani, bila sauti yoyote. Alikuwa ametii. Mkaguzi yeyote angeingia wakati ule angelisifu darasa langu kwa nidhamu. Wakati wa mapumziko nilimwita nikamuuliza kilichomliza, akanijibu, "Hakuna." Nilipomsihi, akasema, "Sijui." Nilidhani ananificha jambo, na ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba alikuwa akinieleza ukweli mtupu: kitu kilikuwa kimemjaa kifuani, naye hakuwa na jina la kukiita.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame leo. Mtoto hawezi kulimudu jambo asiloweza kulitaja, na wa kumpa jina la kulitaja ni sisi tuliotangulia kusema.

Nikiingia katika madarasa yetu, hukuta ukutani chati yenye nyuso tatu za mviringo: furaha, huzuni na hasira. Chati hiyo si mbaya, lakini Kiswahili hakijawahi kuwa maskini kiasi hicho. Fikirini tofauti iliyopo kati ya hasira na kinyongo. Hasira huwaka na kuzimika, ilhali kinyongo hulala na mtu na kuamka naye, na mtoto aliyesukumwa Jumatatu akamuuma mwenzake Alhamisi hakuwa na hasira ya Alhamisi. Fikirini hofu na wasiwasi: hofu ina kitu cha kukinyooshea kidole, kama mbwa wa jirani au mwalimu wa zamu, lakini wasiwasi hauna pa kunyooshea, ndiyo maana mtoto mwenye wasiwasi husema tumbo linamuuma na zahanati isione ugonjwa wowote. Kuna wivu wa kuogopa kunyang'anywa kilicho chako, na kuna kijicho cha kuumizwa na kile alichonacho mwenzako, kama lile sanduku jipya la penseli za rangi. Kuna haya, ambayo ni adabu, na kuna fedheha, ambayo ni jeraha. Kuna upweke, kuna kusononeka, kuna kununa, kuna kususa, kuna kudeka. Mtoto anayedeka na mtoto anayesononeka wote hulia mlangoni asubuhi, lakini mmoja anahitaji dakika mbili na mzaha kidogo, na mwingine anahitaji mtu mzima aulize nyumbani kumetokea nini.

Watoto wa Nairobi, zaidi ya hayo, wana maneno yao, nasi tusiyadharau. Mtoto wa Umoja au Kariobangi atakwambia mwenzake "amefura", na huko kufura ni Kiswahili safi; mwenye ghadhabu hufura kweli, kama unga uliotiwa hamira. Atasema tena fulani "amemaindi", nalo linataja jambo mahususi, yaani kuudhika kwa sababu umehisi umedharauliwa. Mtoto wa miaka mitano anayeweza kutenganisha kufura na kumaindi tayari ameanza kazi ninayoizungumzia. Kumrudi kwa sababu ametumia Sheng wakati huo ni sawa na kumrudi anayezama kwa kupiga kelele.

Nasema hivyo kwa sababu nimeyashuhudia. Katika shule moja niliyofundisha zamani, watoto walikatazwa kusema lugha yoyote isipokuwa Kiingereza, na aliyeteleza alivishwa kidude shingoni mpaka amnase mwingine. Msichana mmoja wa Gredi ya 1 alijisaidia nguoni akiwa kwenye kiti chake. Alikuwa anajua kuomba ruhusa kwa Kikamba na kwa Kiswahili, lakini sentensi ya Kiingereza ilimpotea wakati ule, naye aliogopa kidude kuliko alivyoogopa kulowa. Ikiwa haja ya mwili, ambayo ni nyepesi kuitaja, ilishindikana, huzuni angeitaja vipi? Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, sera ya elimu nchini imependekeza kwamba katika madarasa ya chini mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Lugha ya eneo kwa sehemu kubwa ya jiji hili ni Kiswahili, na hata pale ambapo shule imechagua njia nyingine ya kufundishia, naomba tu kwamba mtoto anayelia aruhusiwe kulia na kueleza kwa lugha aliyonayo.

Kwa nini neno linafanya kazi? Mwaka 2007, Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti ambamo watu walitazama picha za nyuso zenye hasira au hofu huku mashine ikipima shughuli za ubongo wao. Walipotakiwa kuchagua neno la kuitaja hisia iliyo katika uso, amigdala, sehemu ndogo ya ndani ya ubongo inayopiga kengele ya hatari, ilitulia zaidi kuliko walipotakiwa kutaja jina linalofaa jinsia ya mtu aliye pichani, na sehemu ya mbele ya ubongo ikaongeza kazi. Waliopimwa walikuwa watu wazima, tena wametulia mbele ya picha, hivyo sidai kwamba neno moja litamzima mtoto aliyekwisha kujitupa sakafuni. Lakini sehemu hiyo ya mbele, iliyo nyuma ya paji la uso na inayotusaidia kujizuia, huendelea kukomaa hadi mtu apitishe miaka ishirini. Mwanafunzi wa PP1 ana kengele kamili na breki changa. Tunapomwambia "Jizuie!" tunamwagiza atumie kifaa ambacho bado kinaundwa, na mpaka kikamilike sharti aazime cha kwetu.

Basi maneno haya tunayafundishaje? Mimi nilikata tamaa na chati nikarudia vitendawili, kwa kuwa hakuna mtoto asiyependa kutegwa. Baada ya uji, kabla ya kazi ya vitabu, nasema, "Kitendawili!" nao wanaitikia, "Tega!" Kisha: "Mgeni wangu haji na mzigo, lakini akiingia tumbo hunijaa." Jibu nililokusudia ni wasiwasi, ingawa mtoto mmoja alishikilia kwamba ni minyoo, na sikuona sababu ya kumkosoa. Siku nyingine: "Nimewashiwa jiko usoni na moto siuoni." Nusu ya darasa walisema hasira, nusu wakasema aibu, ukazuka mjadala ambao sikuupanga, kila upande ukieleza mwili unavyokuwa: mwenye hasira mikono humwasha, mwenye aibu macho hutafuta sakafu. Mjadala ule ulinifaa kuliko semina nyingi nilizohudhuria, kwani mtoto aliyejifunza kusikiliza mikono yake na macho yake hupata taarifa mapema, kabla ngumi haijaruka. Na kama mnataka kuuweka katika mpango wa kazi, mawasiliano na ushirikiano ni mojawapo ya umilisi saba wa msingi katika mtaala wetu, kwa hiyo hakuna atakayewauliza muda huo mmeutoa wapi.

Baada ya neno huja pumzi. Mtu anapotoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, mapigo ya moyo hupungua kasi. Hilo ni jambo la neva na linamfaa mzee kama linavyomfaa mtoto. Ugumu ni kumweleza mtoto wa miaka minne avute na kutoa pumzi bila akaishia kukohoa kwa makusudi. Sisi tunatumia uji. Kila asubuhi kikombe kikiwa mkononi, tunanusa mvuke kwa pua, kisha tunaupuliza uji taratibu usije ukamwagika, mara tano. Hakuna anayefundishwa lolote hapo, tunapoza uji tu. Lakini mchana, mtoto akishafura, naweza kuketi kando yake nikakunja viganja kama vilivyoshika kikombe, na viganja vyake vikaitika. Siri yake ni kwamba zoezi lilifanyika mara mia moja akiwa mtulivu. Walimu wengi huanza kufundisha kupumua mtoto akiwa tayari anapiga mayowe, na huo ni wakati mbaya kama wa kumfundisha mtu kuogelea mto ukiwa umefurika.

Sasa niwaeleze kosa langu, maana najua wengi mmeanza kutengeneza kona za utulivu. Nami nilitengeneza yangu: nilitandika leso nyuma ya meza ya mwalimu, nikaweka mto, kopo la vifuniko vya chupa vya kupanga, na picha za nyuso walizochora wenyewe. Nilijivunia sana. Yeyote aliyepiga kelele nilimpeleka huko "akatulie". Haikupita wiki ya pili nikasikia sauti kutoka nyuma ya darasa, mtoto akimshtaki mwenzake: "Tichaa, amenisukuma, mpeleke jela!" Nilicheka, kisha nikaona haya. Nilikuwa nimejenga gereza lenye mto. Niliifunga kwa siku kadhaa, na nilipoifungua tena mtu wa kwanza kwenda kuketi pale nilikuwa mimi. Niliwaambia darasa, "Nimekereka kwa sababu chaki zimeisha na ofisi imefungwa, naenda kupuliza uji wangu." Walinitazama kama sinema. Tangu hapo kanuni zikawa mbili: hakuna anayepelekwa, kila mtu hujipeleka mwenyewe, na anayerudi haulizwi "umekoma?" Waliotaka kwenda huko kukwepa hesabu walikuwepo, bila shaka, lakini mtoto anayekwepa hesabu kila siku naye ananiambia kitu kuhusu hesabu.

Wapo kati yenu wanaofikiri kwamba yote haya ni kudekeza, na kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hiyo naiheshimu, lakini nawakumbusha kwamba samaki anayekunjwa amekwisha kuvuliwa; hakui tena. Kuhusu kiboko, sheria haina utata: kiliondolewa shuleni mwaka 2001, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 53 inamlinda mtoto dhidi ya kila aina ya ukatili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, katika kifungu cha 36, inakataza adhabu ya kikatili ya mwili na vilevile ya akili. Neno hilo la mwisho husahaulika. Kumwita mtoto "kilizi" mbele ya darasa hakuachi alama mguuni, lakini sheria inakitambua kitendo hicho.

Mnaotaka subira, na mimi naitaka, tuulize inatoka wapi. Wengi mmesikia habari za majaribio ya Walter Mischel wa Stanford, aliyewapa watoto wa chekechea chaguo la kula kitu kitamu kimoja sasa hivi au kungoja na kupewa viwili. Kwa miaka mingi jaribio hilo lilielezwa kana kwamba subira ni kipaji ambacho mtoto anacho au hana. Mwaka 2013, Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester waliongeza jambo moja dogo. Kabla ya kungoja, kila mtoto aliahidiwa vifaa vizuri zaidi vya kuchorea. Baadhi yao mtu mzima alirudi navyo kama alivyoahidi, wengine alirudi mikono mitupu akiomba radhi. Kilipoletwa kile kitamu, walioona ahadi ikitimizwa walingoja kwa wastani wa dakika kumi na mbili, na waliovunjiwa ahadi walingoja dakika tatu. Watoto walikuwa wa aina moja. Waliotofautiana ni watu wazima waliowahudumia. Na kama mnahofia kwamba mambo haya ni ya huko ng'ambo, watafiti walilipeleka jaribio la kungoja kwa watoto wa jamii ya Nso nchini Kameruni, wakitumia puff-puff, ambayo ni nduguye mandazi letu. Takriban watoto saba kati ya kumi walingoja, ilhali kwa wenzao wa Ujerumani hawakufika watatu kati ya kumi.

Nilipousoma utafiti wa Rochester nilijihesabu. Kwa wiki moja niliandika kila ahadi niliyowapa watoto: kesho tutatoka nje, nitakurudishia mpira wako saa nane, nikimaliza kusahihisha nitakusikiliza. Sitawatajia nilitimiza ngapi. Tunawadai subira watoto ambao sisi wenyewe tumewafunza kwamba kesho ya mwalimu haifiki.

Kujizuia, aidha, kuna mazoezi yake ambayo bibi zetu hawakuyaita mazoezi. Katika mchezo wa nyama, kiongozi hutaja wanyama mbio mbio, ng'ombe, mbuzi, kuku, na wachezaji huruka na kuitikia "Nyama!" Ghafla anataja paka, na anayeruka ametoka. Mtoto aliyekwisha kukunja magoti tayari kuruka, kisha akayazuia, ameitumia ile breki changa niliyoitaja, tena kwa kicheko. Dakika kumi za mchezo huo uwanjani zina faida kuliko saa nzima ya kukaa kimya dawatini. Ninasikitika kwamba mapumziko ndicho kitu cha kwanza tunachomnyima mtoto mtundu, yaani tunamnyang'anya dawa kwa sababu ni mgonjwa.

Si kila kilio kina mafumbo. Mtoto wa umri wa PP1 anahitaji kulala kwa muda wa saa kumi hadi kumi na tatu kwa siku, naye yule anayechukuliwa na basi la shule Rongai saa kumi na moja alfajiri, baada ya kungoja wazazi warudi usiku, amelala kwa muda wa saa saba tu. Mwingine ana njaa. Mlo wa shilingi 5 wa mpango wa Dishi na County, ulioanzishwa jijini mwaka 2023, umetuliza ugomvi mwingi ambao tungeuita utovu wa nidhamu. Na baada ya mafuriko ya Aprili 2024 huko Mathare, kuna watoto ambao mvua ikianza kupiga mabati ya darasa huinuka na kukusanya vitabu vyao. Mtoto wa namna hiyo haambiwi "hakuna kitu". Anaambiwa, "Umeisikia mvua, umekumbuka maji, moyo unakwenda mbio. Mimi niko hapa, na mlango uko pale." Kisha anaruhusiwa kuketi karibu na mlango.

Naomba pia tumtazame yule asiyetusumbua. Katika darasa kubwa, mtoto mwenye fujo hupata umakini wetu wote, na aliyenyamaza muhula mzima hupata "very good conduct" katika ripoti. Ukimwona mtoto ambaye hachezi na wenzake, hali chakula, hashtuki, au amebadilika ghafla, usingoje mwisho wa muhula. Zungumza na mzazi, mwelekeze katika kituo cha tathmini cha elimu, na ukishuku kwamba anadhulumiwa, nambari 116 ya Childline, simu ya kuwasaidia watoto, hupigwa bila malipo.

Kwenu wazazi nina ombi jepesi. Jioni, mahali pa "Umekuwa nambari ngapi?" jaribuni kusema kwanza mambo yenu: "Leo kwenye matatu nilimaindi, kondakta alinirudishia pesa pungufu, nikanuna mpaka Donholm." Msimwongezee funzo lolote. Mwacheni atafune, na baada ya siku chache atawaletea la kwake. Baba wa wavulana nawasihi zaidi, kwa sababu mvulana akishaambiwa mwanamume halii, huziba machozi na kubakiwa na hisia moja tu inayoruhusiwa, yaani hasira, kisha tunamshangaa kwa kuitumia kila mahali.

Karatasi mnazopitishiwa sasa zina maneno thelathini ya hisia kwa Kiswahili, na chini yake nimeacha mistari mitupu. Humu ndani kuna wasemaji wa Kikamba, Dholuo, Gikuyu, Kimaragoli, Kisomali na lugha nyingine nyingi. Kuna, kwa mfano, wivu wa mtoto ambaye mama amerudi kutoka hospitali na kichanga, na sasa hata mgongo wa kubebwa umepata mwenyewe. Kiswahili huuita wivu tu, na mtoto huyo anastahili neno lililo karibu zaidi na maumivu yake. Mwenye nalo aliandike, pamoja na lugha lilikotoka. Nitazikusanya karatasi mlangoni wakati wa chai.